Muhamadi Kijuma wa Lamu (k. 1855–1945): Mnakili, Mtunzi na Wakusanyaji wa Miswada ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayechunguza miswada ya tenzi za Kiswahili iliyohifadhiwa London, katika Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika, au ile iliyohifadhiwa Ujerumani, hukutana mara kwa mara na mwandiko mmoja. Watunzi wa kazi hizo ni tofauti, na nyakati zao ni tofauti: wengine waliishi Pate katika karne ya 18, wengine Siu na Lamu katika karne ya 19. Lakini mkono ulioziandika nyingi miongoni mwa nakala hizo ni mmoja tu, nao ni wa Muhamadi bin Abubakari bin Omari, mtu wa Lamu ajulikanaye kwa jina la Kijuma. Katika baadhi ya vitabu jina hili huandikwa Kijumwa. Makala haya yatatumia umbo la Kijuma, ambalo ndilo lililozoeleka katika uchunguzi wa miaka ya karibuni.

Kijuma si mtu mgeni kwa wasomaji wa fasihi ya Kiswahili. Utendi wake wa Fumo Liyongo ulichapishwa Dar es Salaam mwaka 1973 na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na umesomeshwa katika vyuo vikuu vyetu tangu hapo. Maisha yake yalichunguzwa kwa kina na Mohamed Abou Egl katika tasnifu ya udaktari ya Chuo Kikuu cha London ya mwaka 1983, na matini zake nyingi zilihaririwa na Gudrun Miehe na Clarissa Vierke katika kitabu kilichotoka Köln mwaka 2010. Kazi hizo mbili ni za msingi, ila zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili bado hajapewa maelezo ya kutosha, kwa lugha yake mwenyewe, juu ya mtu ambaye bila yeye sehemu kubwa ya ushairi wa kaskazini isingalitufikia.

Lengo la makala haya ni mawili. Kwanza, kusimulia maisha ya Kijuma kwa kuyaweka kando ya historia ya wale waliokuwa wakitafuta, wakinunua na kukusanya miswada ya Kiswahili. Pili, kudai kuwa kazi ya mnakili ni kazi ya kitaalamu yenye athari kwa lugha ya matini, na kwamba yeyote anayezitumia nakala hizo kama ushahidi wa Kiswahili cha karne ya 18 hana budi kwanza kumjua aliyeziandika.

Suala hili halihusu watu wa pwani peke yao. Mwanafunzi atokaye Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, au Mbozi katika mkoa huo huo wa Songwe, amekulia mahali ambapo Kiswahili cha maandishi kilienea hasa kwa njia ya shule na vitabu vya hati za Kirumi. Kwake yeye, kuwa lugha hii iliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa ni habari anayoipata chuoni. Hata hivyo, tatizo la mkusanyaji na msaidizi wake analijua. Wamisionari wa Kimoravia walipofika Rungwe mwaka 1891, na baadaye Mbozi, nao waliandika maneno, hadithi na tafsiri kwa msaada wa wenyeji. Na huko pia jina lililobaki juu ya jalada lilikuwa, kwa kawaida, la yule aliyeondoka na daftari.

2.0 Mji wa Lamu na Malezi ya Kijuma

Kijuma alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855. Mwaka uliofuata alifariki Seyyid Said, mtawala wa Unguja na Omani, na utawala wa pwani ukaingia mikononi mwa mwanawe Majid. Mwaka 1858, Kijuma angali mtoto mdogo, Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha ambao leo ni miongoni mwa tungo mashuhuri kuliko zote za Kiswahili. Katika muongo uliofuata, Siu, mji wa mwisho wa visiwa hivyo kuupinga utawala wa Unguja kwa silaha, ulishindwa. Kwa hiyo Kijuma alikulia katika kizazi kilichosikia habari za enzi ya Pate na Siu kwa watu walioziona, lakini chenyewe hakikuziona.

Elimu yake ilianza kama ya watoto wengine wa Kiislamu wa Lamu, kwa Kurani na hati za Kiarabu. Juu ya msingi huo alijenga ujuzi wa namna nyingi. Alikuwa mwandishi wa hati nzuri, mchonga nakshi za mbao, mpigaji wa ala za nyuzi, mtunzi wa nyimbo na mshiriki mkubwa wa ngoma za mashindano ambazo vikundi vya Lamu vilipambana kwazo kwa mashairi. Fani hizi kwake hazikuwa mbalimbali. Aliyejua kugawa ubao kwa vipimo ili nakshi ijirudie bila kukosea ndiye aliyejua kugawa ukurasa ili beti zisimame sawa. Na aliyetunga kwa ajili ya kuimbwa ndiye aliyetambua, kwa sikio, mahali nakala ya mwenziwe ilipopungukiwa na mizani.

Mji wenyewe ulikuwa ukibadilika. Mwaka 1885 Wajerumani walitangaza himaya juu ya usultani wa Witu, jirani ya Lamu bara, na mwaka 1890 Waingereza wakaushambulia mji huo. Mwaka 1895 pwani yote iliingia katika Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani mwaka 1901, biashara ilizidi kuvutwa kuelekea Mombasa, na mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya himaya hiyo. Nyumba kubwa za Lamu zilizokuwa zikitegemea mashamba ya bara na kazi ya watumwa zilipungukiwa na uwezo. Nyumba hizo ndizo zilizokuwa na vyuo.

3.0 Chuo, Mkono na Hati

Neno chuo linastahili kuelezwa. Katika Kiswahili cha kaskazini cha wakati ule, chuo kilikuwa na maana ya kitabu. Ndiyo sababu utendi wa vita vya Tambuka hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herkali, na mtu msomi huitwa mwanachuoni. Maana ya mahali pa kusomea imetokana na ile ya kitu kinachosomwa. Chuo cha utendi kilikuwa mali ya nyumba. Kilisomwa kwa sauti mbele ya jamaa, mara nyingi na wanawake, kikaazimwa, kikanakiliwa, kikarudishwa. Unyevu wa bahari, mchwa na mikono ya wasomaji havikukiruhusu kuishi muda mrefu. Kwa hiyo utungo wa Kiswahili haukuhifadhiwa kwa kuifungia nakala ya kwanza sandukuni, bali kwa kunakiliwa tena kabla ile ya zamani haijaharibika. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo, ambao kwa kawaida huwekwa katika mwaka 1728, umetufikia kwa njia hiyo.

Kunakili hakukuwa kazi ya kufuata mistari tu. Hati za Kiarabu zina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo i na e zilishirikiana alama moja, na u na o vilevile. Katika uandishi wa zamani b na p mara nyingi ziliandikwa kwa herufi moja, na nazali iliyotangulia konsonanti haikuandikwa. Mwenye kuona umbo moja kwenye karatasi aliweza kulisoma bata au pata, peta au pita. Na pinda likaweza kuonekana kama pida. Zaidi ya hayo, lahaja za kaskazini hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, tofauti ambayo hati ya kawaida haikuweza kuidhihirisha bila kuongezewa alama. Aliyeijua lugha na utungo alisoma bila taabu, kwa sababu maana na mizani vilimwongoza. Asiyeijua alikwama.

Hapa ndipo umuhimu wa Kijuma ulipojitokeza. Kabla ya kuandika, ilimpasa asome. Na kusoma chuo cha karne ya 18 kulidai ujuzi wa lahaja ya Pate na ya Lamu, msamiati wa kale, visa vya Kiislamu na kanuni za tungo. Kila ukurasa alioutoa ni matokeo ya maamuzi mengi ya kiisimu ambayo hakuyaandikia maelezo.

4.0 Wakusanyaji wa Mwanzo

Utafutaji wa miswada ya Kiswahili kwa ajili ya maktaba za Ulaya ulianza Kijuma akiwa hajazaliwa. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliipeleka Ujerumani miswada ya tenzi, na Chuo cha Herkali kikawa miongoni mwa tungo za kwanza za Kiswahili kujulikana huko. Edward Steere alichapisha kisa cha Liyongo na baadhi ya tungo zinazonasibishwa naye katika kitabu chake cha hadithi za Unguja cha mwaka 1870. Carl Büttner alitoa mkusanyo wake wa fasihi ya Kiswahili Berlin mwaka 1894. Mombasa, mmisionari William Taylor, aliyefika mwaka 1880, alifanya kazi pamoja na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, ambaye ndiye aliyezikusanya tungo za Muyaka bin Haji kutoka vinywani mwa watu waliozikumbuka. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Diwani ya Muyaka ilichapishwa Johannesburg nusu karne baadaye, mwaka 1940, chini ya uhariri wa William Hichens.

Inafaa tuilinganishe hali hii na desturi ya ukusanyaji wa vitabu huko Ulaya. Katika karne ya 18, wenye mali waliagiza vitabu vikubwa vya picha za miji zilizochorwa kwenye bamba za shaba na kupigwa chapa. Giovanni Battista Piranesi, kwa mfano, alianza kutoa picha zake za Roma na magofu yake kabla ya mwaka 1750. Mkusanyaji wa vitabu hivyo alijifunza kuuliza maswali mahsusi: nani alichora, nani alichonga bamba, chapa ni ya ngapi, na je, karatasi hii imekatwa kutoka katika kitabu kizima. Thamani ilitegemea majibu. Karibu na wakati huo, au miongo michache baadaye, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, utungo unaouonyesha mji wa Pate ulioanguka: nyumba zilizokuwa na taa na vidaka vya vyombo vya kauri, sasa makao ya popo na buibui. Huo nao ni mchoro wa mji, wenye nafasi katika fasihi yetu sawa na ile ya magofu ya Roma katika sanaa ya Ulaya. Lakini wakusanyaji waliokuja kuutafuta hawakuuliza kwa makini ule ule maswali ambayo kwao nyumbani yalikuwa ya lazima. Walimtafuta mtunzi wa kale na kukiita cha kale kile walichopewa, hali wino wake pengine ulikuwa wa mwaka ule ule.

5.0 Alice Werner na Utendi wa Liyongo

Alice Werner alizaliwa Trieste mwaka 1859 na alisoma Newnham, Cambridge. Alifika Nyasaland mwaka 1893, na kati ya mwaka 1911 na 1913 alisafiri Afrika Mashariki kwa ajili ya uchunguzi wa lugha na simulizi. Huko Lamu alikutana na Kijuma. Werner hakuwa mkusanyaji wa vitu vya kupendeza macho. Alikuwa mwanaisimu aliyetaka matini zinazoweza kuhaririwa, na aliporudi London alijiunga na Chuo cha Taaluma za Mashariki kilichoanza kufundisha mwaka 1917, akawa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu.

Kutokana na kukutana huko kulipatikana utendi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913. Kisa cha Liyongo ni cha kale, na Kijuma alikuwa na simulizi na nyimbo za zamani za kutegemea. Lakini utendi wenyewe, wenye beti zaidi ya mia mbili, ni utungo wake yeye, uliotungwa akiwa na umri wa karibu miaka sitini, kwa ombi la mtu aliyetaka kisa hicho kiandikwe. Jambo hili lina uzito. Wasomaji wengi huutaja utendi huo kana kwamba ni sauti ya zama za Liyongo mwenyewe. Hali halisi ni kwamba ni kazi ya msanii wa karne ya 20 aliyejua vema mkusanyaji anatafuta nini, na aliyekuwa na uwezo wa kumpa kwa lugha iliyokuwa na haiba ya kale bila ya kuwa ya uongo. Kijuma hakudanganya: utendi ulijulikana kuwa wake. Kosa limekuwa letu, kwa kulisahau jina lake kila tunapotaka utungo uonekane mkongwe.

Werner aliendelea kuchapisha tungo za kaskazini: utendi wa Ayubu katika miaka ya mwanzo ya 1920, uchambuzi wa kisa cha Liyongo mwaka 1926, na utendi wa Miqdadi na Mayasa mwaka 1932. Mwaka 1934, pamoja na Hichens, alitoa utendi wa Mwana Kupona. Alifariki mwaka 1935.

6.0 Hichens, Dammann na Miaka ya Mwisho

Wakati Hichens alipoanza kuandikiana na Kijuma, Kiswahili kilikuwa kimeingia katika njia nyingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umeichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Vitabu vya shule vilitolewa kwa Kiunguja na kwa hati za Kirumi. Kiamu, lugha ya tenzi, kikabaki nje ya darasa. Kwa hiyo miaka ya 1930 ilikuwa na mambo mawili yaliyokwenda pamoja: serikali na shule ziliisukuma lahaja ya Lamu pembeni, na wataalamu wachache wa Ulaya wakazidi kuitafuta kwa bidii kwa sababu iyo hiyo.

Hichens, aliyekuwa Uingereza, alimtegemea Kijuma kama macho yake na mikono yake. Kwa barua, Kijuma aliombwa nakala, maelezo ya maneno, habari za watunzi na desturi. Naye alizitafuta tungo kwa wenyewe, akanakili, akapamba kurasa kwa nakshi na rangi, kisha akazipeleka kwa posta. Toleo la Hichens la Al-Inkishafi lilichapishwa London mwaka 1939. Hichens alifariki mwaka 1944, na mkusanyo wake, pamoja na ile ya Taylor na Werner, ni nguzo ya hazina ya miswada ya Kiswahili iliyoko London.

Mkusanyaji mwingine mkubwa alikuwa Ernst Dammann, Mjerumani aliyefanya kazi ya kanisa Tanga tangu mwaka 1933 hadi 1937. Mwaka 1936 yeye na mkewe Ruth walikwenda Lamu, wakafanya kazi na Kijuma aliyekwishafikia miaka themanini. Tofauti na Hichens, hawa walikaa naye ana kwa ana, wakamsikia akisoma. Matokeo yake ni kitabu cha tungo za lahaja ya Lamu kilichotoka Hamburg mwaka 1940, na mkusanyo wa miswada ambao Dammann mwenyewe alikuja kuuorodhesha katika katalogi ya miswada ya Kiafrika iliyopo Ujerumani, iliyochapishwa mwaka 1993.

Kazi hii ilikuwa na gharama kwa Kijuma. Lamu ya wakati wake ilikuwa pia kitovu cha elimu ya dini. Msikiti wa Riyadha na mafundisho ya Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1935, viliupa mji huo heshima pwani nzima. Mtu aliyepiga ala za nyuzi, akatungia ngoma, kisha akaingia na kutoka katika nyumba za wamisionari wa Kijerumani, hakuweza kuepuka maneno. Ukaribu huo ulifanya imani yake itiliwe shaka na baadhi ya watu wa mji wake. Hata hivyo, mtu huyo huyo ndiye aliyemwandikia mwanawe utendi wa mawaidha, kwa kufuata desturi ile ile ya wazazi wa kaskazini ambayo Mwana Kupona aliifuata kwa bintiye. Haitupasi sisi kumhukumu. Inatosha kuona kwamba aliishi baina ya makundi mawili yaliyomhitaji kwa namna tofauti: mji wake ulimhitaji kwa ngoma na nakshi, wageni walimhitaji kwa vyuo, na hapakuwa na kundi lililomtazama kama mwanazuoni wa lugha.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka 1939, mawasiliano na Ujerumani yalikatika. Kijuma alifariki Lamu mwaka 1945, akiwa na umri wa karibu miaka tisini.

7.0 Mkono wa Mnakili na Lugha ya Mtunzi

Tukirudi katika isimu, swali ni hili: utungo wa mtu wa Pate wa karne ya 18, ukiwa katika nakala iliyoandikwa na Kijuma katika karne ya 20, unatuonyesha lugha ya nani? Mnakili wa Lamu alipoandika moya, nti, ndia au mayi badala ya moja, nchi, njia na maji, je, aliyakuta maumbo hayo, au aliyaweka kwa kuwa ndiyo ya kinywani mwake? Na je, kwa kujua kuwa mteja wake anatafuta Kiamu halisi, hakuweza kuzidisha Ukaskazini wa matini?

Jawabu haliwezi kuwa moja kwa matini zote, lakini zipo njia za kupima. Mizani haitusaidii sana, kwa kuwa moya na moja zina silabi mbili kila moja, na badiliko kati yake haliachi alama. Kina ndicho shahidi bora. Neno mato likiwa mwishoni mwa kipande katika ubeti wenye kina cha -to, mnakili hawezi kuligeuza kuwa macho bila kuuharibu ubeti. Kwa hiyo umbo hilo ni la mtunzi, au walau ni la zamani kuliko mnakili. Hali kadhalika mayi penye kina cha -yi. Kinyume chake, ndia na njia zote huishia kwa silabi ya -a, na mahali kama hapo kina hakitwambii kitu. Vilevile maneno yaliyo katikati ya kipande yako wazi kwa badiliko lolote. Kwa hiyo ushahidi wa lahaja ya mtunzi inafaa uchukuliwe kwanza kutoka mahali pa vina, na ule wa katikati ya vipande uhesabiwe kuwa wa mnakili mpaka nakala ya mkono mwingine iuthibitishe.

Sharti hili la nakala ya mkono mwingine ndilo gumu. Wakusanyaji walipompata mnakili hodari, walimrudia yeye yule. Kwa tungo kadhaa, nakala za London na za Ujerumani zinaonekana kuwa ni mashahidi wawili, ilhali ni shahidi mmoja aliyeulizwa mara mbili. Mhariri anayezilinganisha na kufurahia kwamba zinaafikiana hajathibitisha chochote isipokuwa uthabiti wa kumbukumbu na mkono wa Kijuma. Kwa sababu hiyo, mkusanyo wa Dar es Salaam, ambao katalogi yake ilitolewa na J.W.T. Allen mwaka 1970, una thamani ambayo haijatumiwa ipasavyo, maana ndani yake zimo nakala kutoka mikono na miji mbalimbali ya pwani, kusini na kaskazini.

Tahadhari hii isichukuliwe kuwa ni shutuma. Mnakili asiyejua lugha huandika makosa yanayoonekana, na makosa hayo humsaidia mwanaisimu kutambua palipoharibika. Mnakili anayeijua lugha hurekebisha, na marekebisho yake hayaonekani. Ugumu tunaoupata kwa Kijuma unatokana na ubora wake, wala si na upungufu.

8.0 Hitimisho

Tumeona kuwa Kijuma hakuwa mtumishi wa wakusanyaji tu. Alichagua tungo za kutafuta, aliamua namna ya kusoma palipotatanisha, alitunga palipohitajika utungo, na kwa miaka zaidi ya thelathini aliyafanya hayo kwa ajili ya wateja wasiojuana vema na waliotaka vitu tofauti. Orodha ya fasihi ya kale ya Kiswahili tunayoifundisha imepita, kwa kiasi kikubwa, katika uamuzi wa mtu mmoja wa Lamu.

Kutokana na hayo yapo mambo mawili ya kutekelezwa. La kwanza ni la katalogi na matoleo yetu. Kila utungo utajwe kwa tarehe tatu zisizochanganywa: ya kutungwa, ya kunakiliwa kwa nakala inayotumika, na ya kuingia kwake katika mkusanyo, na jina la mnakili liandikwe pamoja na la mtunzi. La pili ni la mafunzo. Mwanafunzi wa uzamili anayejitayarisha kuandika juu ya tenzi afundishwe kusoma hati za Kiarabu za Kiswahili, awe ametoka Lamu au Tunduma. Sehemu ya miswada ya London imewekwa katika picha zinazoweza kuonekana kwa kompyuta tangu mwanzoni mwa karne ya 21, kwa hiyo umbali si kizuizi kama ulivyokuwa zamani. Asiyeweza kuisoma picha hiyo atabaki kutegemea tafsiri ya hati iliyofanywa na mgeni wa miaka ya 1930, na hatajua ni wapi mgeni huyo alipokosea, wala ni wapi Kijuma alikuwa amekwisha kumrahisishia njia.